Duka la Chini ya Kitanda

Mume wangu ni mwalimu wa udereva, na kazi hiyo imemharibu mguu. Simaanishi kwamba unamuuma. Gari la kufundishia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na baada ya miaka mingi ya kuokoa watu wasiojua wanakokwenda, mguu wake umezoea kukanyaga breki hata mahali pasipo na gari. Nikianza kusema jambo asilolitaka, naona kiatu kinakandamiza sakafu. Kwa hiyo jioni ile aliporudi na wazo jipya, mguu umetulia tuli, nilijua limeshamkaa kichwani na halitatoka.

Wazo lenyewe lilitokana na mfuko wa taka. Tulikuwa tunakaa ghorofani, juu ya duka la dada yake, na asubuhi hiyo alikuwa anashusha taka mfuko ukampasukia ngazini. Vitu vikaporomoka mpaka mlango wa chini. Ganda la ndizi hakuna, mfupa hakuna. Vyote vilikuwa karatasi, plastiki, makopo na vifuniko. Mtu mwingine angefagia akaenda zake. Yeye alikaa ngazini akaanza kuyasoma maandishi ya kila karatasi, kama mtu aliyeletewa barua. Mwanafunzi wake wa kwanza alisimama barabarani akimsubiri mpaka akakata tamaa.

Akatuita mezani baada ya chakula. Alisema vitu vinaingia kwa mlango na kutoka kwa ngazi, na sisi tumekaa katikati tukidhani tunaishi. Kuanzia siku hiyo, kabla ya kununua chochote, tujiulize kwanza kama mikono ya humu ndani inaweza kukitengeneza. Binti yetu mkubwa, ambaye yuko sekondari na ulimi wake hauna pumziko, akauliza kama mikono ya humu ndani inaweza kutengeneza simu. Baba yake akasema tuanze na mkate.

Mimi sikubisha. Nafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, nashinda na mashuka na mvuke, na sabuni naijua kuliko ninavyozijua ndoto zangu. Kwa muda mrefu nilikuwa nimechoka kununua sabuni ya maji ambayo nusu yake ni maji kweli. Nikasema sabuni niachiwe mimi. Binti akapewa mkate, kwa kuwa ndiye aliyeuliza maswali. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa anang'oka meno ya mbele, akajitolea kutengeneza mtindi, maana alisikia kwamba kazi yake ni kufunika sufuria na kusubiri. Baba mtu akachukua mishumaa, mafagio na usimamizi. Usimamizi alijipa mwenyewe.

Mkate wa kwanza tuliuzuilia mlango usijifunge na upepo, na ulifanya kazi hiyo vizuri. Sabuni yangu ya kwanza, pamoja na majivuno yangu yote, ilikataa kuganda. Ikabaki uji wa kijivu ndani ya beseni wiki nzima, na binti akaniuliza kama mgonjwa wangu anaendelea vizuri. Mtindi ulikuwa mzuri siku ile ile ya kwanza, na kitinda mimba hakutuacha tupumue. Alizunguka nyumba mikono nyuma akitutazama kwa huruma.

Lakini mikono inajifunza. Haikuchukua muda mrefu Jumamosi zikawa siku za kazi, na ajabu ni kwamba hakuna aliyezikwepa. Tuliweka redio juu ya kabati, tukafungua madirisha, kila mtu akawa na kona yake. Unga ulipanda mpaka kwenye nyusi. Mume wangu aliyeyusha nta huku akitoa amri ambazo hazikusikilizwa, na binti alimwambia kwamba jiko hili halina breki ya pili. Tulicheka sana siku hizo. Majirani wakaanza kutuita Kiwandani, na mume wangu akajifanya limemuudhi.

Hapa inabidi nimwelezee wifi yangu, yaani yule dada wa mume wangu mwenye duka. Mama yao alipofariki, mume wangu alikuwa bado anavaa kaptura ya shule. Dada mtu akaacha masomo, akaweka meza ya viberiti na chumvi kando ya njia. Meza ikawa kibanda, kibanda kikawa duka, na wadogo zake wawili, mume wangu na binti wa mwisho, wakala, wakavaa na wakasoma kutoka kwenye duka hilo. Waliokuja kumposa aliwaambia wasubiri kwanza watoto wamalize shule, nao hawakusubiri. Nilipoolewa, mume wangu aliniambia mapema kwamba tutakaa juu ya duka na kwamba hilo halina mjadala. Sikujadili. Wifi yangu hana maneno mengi, hana kijicho wala hamu ya kujua bei ya kitenge changu, na wifi wa namna hiyo ukimpata unashukuru na kunyamaza.

Yeye na sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Asubuhi, mkate ukishaletwa na gari la kiwanda, alichukua mpini wa ufagio akagonga dari ya duka, ambayo ndiyo sakafu ya jiko letu. Maana yake: mkate umefika, mtume mtoto. Kitinda mimba alishuka mbio, akakaa huko muda mrefu kuliko mkate unavyohitaji, akarudi na habari za mtaa mzima na kipande cha biskuti shavuni. Jioni mimi nikitoka kazini nilipita kuchukua hiki na kile, nikaegemea kaunta, tukaongea maneno mawili matatu kuhusu miguu yetu, maana sote wawili kazi zetu ni za kusimama. Siku hizo ungeniuliza tunafanya nini pale, ningekwambia tunanunua vitu.

Sasa tulikuwa hatununui. Asubuhi ya kwanza tuliyopata mkate wetu wa kulika, wifi aligonga kama kawaida, na binti akachungulia dirishani akamwambia, "Shangazi, leo tuna wetu." Kesho yake akagonga tena, akajibiwa vilevile. Siku iliyofuata hakugonga. Sisi tuliona ametuelewa, tukaendelea kunywa chai.

Halafu mume wangu akafanya jambo ambalo ni yeye tu angeweza kulifanya kwa moyo mweupe kiasi kile. Sabuni yangu ilipoganda hatimaye, ikakatika vipande safi vya manjano, alivifunga vipande kadhaa kwa gazeti, akavipeleka chini akampa dada yake zawadi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Dada mtu alikuwa amesimama mbele ya rafu ya sabuni, imejaa mpaka juu, na akapokea sabuni yetu kwa mikono miwili. Akainusa, akasema tumefanya vizuri, akaiweka chini ya kaunta pamoja na vitu vyake mwenyewe. Mume wangu alipanda ngazi akipiga mluzi. Nilitaka kumwambia neno, nikaona kiatu chake hakikanyagi chochote, mtu amefurahi kabisa, nikaliacha lipite.

Aliyetuamsha ni fundi viatu anayekaa ng'ambo ya barabara. Huyu huona kila kitu kuanzia kifundo cha mguu kushuka chini, na kutokana na hicho anajua yote yaliyobaki. Alimwambia mume wangu kwamba siku hizi dada yake anafunga mapema, anaweza kukaa mchana kutwa bila kunyanyuka kwenye kiti, na kwamba amesikia anazungumza kwa simu na mdogo wao wa kike anayekaa mji mwingine, habari za kuhamia huko. Alisema hayo akiwa na misumari midomoni, bila kuinua kichwa.

Mume wangu alirudi juu akakaa jikoni. Hakuwasha redio. Aliniambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kulala mahali ambapo dada yake hayupo karibu, hata alipokuwa chuoni alipanga chumba mtaa wa pili. Akasema dada akiondoka, yeye hatajua hata pa kusimama. Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, na mimi ambaye nimemzoea kwa mizaha nikazima jiko nikakaa karibu naye. Tukakubaliana kwamba tatizo ni biashara: sisi ndio tuliokuwa wateja wake wa kutegemewa, tumejiondoa, duka limezorota. Lilionekana jambo rahisi. Tungerudi kununua.

Lakini Jumamosi mume wangu hakutaka kuziacha, na watoto wangetuona waongo. Kwa hiyo tukafanya yote mawili. Juu tuliendelea kukanda, kuchemsha na kumimina. Chini, mume wangu alipita kila jioni na mfuko, akanunua sabuni, mishumaa, viberiti, makopo ya nyanya, jemu, dawa ya viatu, na kila kitu ambacho mikono ya humu ndani ilishajua kukitengeneza au haikukihitaji. Alivipandisha ngazi watoto wakiwa kwenye masomo yao, akavisukuma chini ya kitanda chetu. Mkate haukuweza kukaa huko, basi akawa anawagawia wanafunzi wake wa udereva. Aliyefeli mtihani alidhani anapewa pole, aliyefaulu alidhani anapongezwa, na jina lake likawa kubwa shuleni kwao.

Nyumba iliyoapa kununua kidogo ikawa inanunua kuliko wakati wowote. Niligeuka upande wa kushoto kitandani, makopo yakalia. Nilipofagia, ufagio uligonga maboksi. Nilimwambia mume wangu kwamba jengo hili sasa lina maduka mawili, la chini linalouza na la juu linaloficha, na kwamba siku si nyingi nitahitaji leseni. Alisema ni kwa muda tu, mpaka dada atulie. Na kwa kweli dada alianza kufunga kwa saa zake za zamani. Siku moja alimwuliza mume wangu kama Kiwandani wamepunguza kazi, naye akajibu kwamba mahitaji yameongezeka. Jibu hilo alilipenda mwenyewe, akanisimulia zaidi ya mara moja.

Siku moja katikati ya mwezi kitinda mimba akaamka na homa. Mimi nilikuwa zamu, mume wangu alikuwa na wanafunzi wa mtihani, binti alikuwa shule. Nikashuka kumwomba wifi akae naye mpaka nirudi. Alifunga duka bila kuuliza kitu, akapanda ngazi na chupa ya chai. Nilipokuwa natoka niliona anaangaza macho jikoni, taratibu, akitazama mabeseni, vibao vya kukandia, nyuzi za mishumaa zilizoning'inia. Nilikuwa na haraka, nikaaga nikaondoka.

Mchana mtoto alitapika. Wifi akahitaji shuka safi, na mtu yeyote mwenye akili anajua mashuka ya akiba hukaa kwenye boksi chini ya kitanda cha wazazi. Akainama, akavuta boksi.

Nilipofungua mlango jioni, mtoto alikuwa amelala, homa imeshuka. Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye meza ya kulia, mikono mapajani. Mbele yake, kutoka ukingo mmoja wa meza mpaka mwingine, kulikuwa na duka. Sabuni pamoja na sabuni, makopo yamepangwa kwa ukubwa, majina yote yameelekea mbele, viberiti vimebebana vizuri pembeni. Nadhani hakukusudia kuvipanga. Mikono yake haijui kushika vitu na kuviacha ovyo. Alinisalimia, akaniambia mtoto amekunywa maji na amelala tangu alasiri. Nikavuta kiti nikakaa upande wa pili wa bidhaa, kama mteja.

Binti alirudi, akaitazama meza, akatutazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaenda chumbani bila kusema neno. Kisha tukasikia hatua za mume wangu ngazini, na mfuko ukisugua ukuta. Aliingia akiwa na sabuni nyingine mbili na kopo la jemu. Mguu wake ulikanyaga sakafu, ukabaki hapo hapo.

"Hivi ni vya nani?" dada yake akamwuliza.

"Vyetu, dada."

"Mnatengeneza sabuni. Mnatengeneza mishumaa. Hivi vya nini?"

Aliangalia mfuko wake kana kwamba ungemsaidia. Halafu akasema ukweli, maana kwa dada yake hajawahi kuweza kitu kingine. "Tulisikia unataka kuondoka. Hatukutaka uondoke."

"Kwa hiyo mkaninunua."

Alisema bila ukali. Laiti kungekuwa na ukali, ningepata la kushika. Mume wangu akaanza kueleza habari za biashara, wateja wa kutegemewa, duka kuzorota, na kadiri alivyoeleza ndivyo maelezo yalivyozidi kuwa membamba. Dada mtu alimwacha mpaka yakaisha. Kisha akasogeza kopo moja lililokuwa limejitokeza kidogo kwenye mstari.

"Wananunua wengine," akasema. "Duka halijanishinda. Kila Jumamosi nilikuwa nakaa pale chini nawasikia. Mnacheka, mnaitana, mnagombana habari ya chumvi. Harufu ya mkate inashuka mpaka kwenye kaunta. Nikawa nasema, leo wataniita. Jumamosi nyingine nikasema, labda leo. Mimi sikutaka mnunue, mdogo wangu. Nilitaka mniite."

 Kumwita hakukutupitia akilini hata mara moja. Miaka yote yeye alikuwa mtu wa chini na sisi ni watu wa juu tunaoshuka. Tulipoacha kushuka, tulifikiri kilichokatika ni mkate na sabuni. Mwanamke aliyemkandia mume wangu unga tangu akiwa mtoto, na sisi tunahangaika juu ya kichwa chake na mkate wa kuzuilia mlango, hatukuwahi kumwambia panda utuoneshe. Niliona aibu, na niliona pia kwamba aibu yangu haimsaidii kitu.

Mume wangu aliweka mfuko chini, akaenda akapiga magoti karibu na kiti chake, kama alivyokuwa akifanya, nadhani, alipokuwa anavaa kaptura. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. "Basi njoo Jumamosi hii, dada," akasema. "Njoo tangu asubuhi."

Dada yake akamfuta unga wa chaki uliokuwa begani, ule wa darasa la alama za barabarani.

"Jumamosi hii nasafiri," akasema.

Ilikuwa imekwisha kupangwa. Alitaka kutuambia jioni ile ile, ndiyo maana alipanda na chupa ya chai kubwa kiasi kile. Mdogo wao wa kike alikuwa amejifungua mapacha na hana mtu wa kumsaidia, na alikuwa amempigia simu akamwomba aje, akamwambia bila wewe siwezi. Duka amempa kijana mmoja atakayeuza vifuniko vya simu. Mume wangu alimsihi asubiri mwezi mmoja, wiki mbili, wiki moja tu. Alimsikiliza kwa upole wote, akasema ameshatoa neno, na kwamba sisi si watoto, tutakuja kumsalimia. Kisha akaomba mfuko mkubwa. Alivirudisha vitu vyote ndani kimoja kimoja, akaniambia nivipeleke hospitali kwa wagonjwa wasio na ndugu. Nilivipeleka kesho yake.

Jumamosi hatukuwasha jiko. Tulikuwa tunatoa masanduku yake kwenye chumba chake nyuma ya duka tangu alfajiri, kitinda mimba ameng'ang'ania mkono wa shangazi yake, binti amebeba mito na hana utani wowote. Kituoni basi lilikuwa limeshawasha injini tulipokumbuka kwamba safari ni ya kutwa nzima na hatujampa chochote cha kula. Mume wangu akakimbia kwenye kibanda cha karibu, kwa mtu tusiyemjua, akarudi na mkate wa kiwandani, akaupitisha dirishani. Dada yake akaupokea, akaugeuza, akatafuta tarehe kwa kidole. Akasema ni wa leo, akaupakata, na basi likaondoka.